Skrubu Niliyoilegeza Mwenyewe

Nekesa mwanangu,

Stima imepotea tangu saa sita, mashini zote zimenyamaza, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Wewe umeenda kijijini Kwanza kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujamaliza kuku mzima. Nina saa tatu hivi. Nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, karatasi iko juu ya meza ya cherehani, na mwandiko wangu umepinda. Usinicheke, wewe ndiye uliyerithi mikono hii.

Habari za blanketi, sijui chumvi, sijui funga mlango vizuri, hizo sitakuandikia. Una miaka kumi na tisa na akili unayo. Nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia padre wala mama yangu, na ninaliandika leo kwa sababu ya maneno yako ya juzi.

Juzi nilikuwa nyuma ya duka nikipima turubai ya lile lori la mahindi, nikakusikia ukimwambia Simiyu wa jirani, huyo unayemfundisha kazi, ati unaenda Bungoma kumnyorosha baba yako. Ulisema, "Huyo buda alituacha tu hivyo. Nitajifunza kazi yake yote, halafu nimwache bila mtu, ajue venye inauma." Simiyu akacheka, na wewe ukacheka. Mimi niliishika ile turubai mpaka kucha zikaniuma, kwa sababu hiyo sauti ilikuwa yangu kabisa. Unaenda kwa baba yako na kisu moyoni, na aliyekinoa hicho kisu ni mimi. Miaka kumi na miwili nimekinoa.

Basi sikiliza, na ukifika mahali pa kunitukana, nitukane, lakini usiichane karatasi kabla ya mwisho.

Unaukumbuka mkono wake wa kulia. Vidole viwili havikunji, vimekauka vimenyooka, na anashika kikombe kwa kukikumbatia na kiganja. Ulipouliza, nilikuambia ni mota. Kila mtu hapa Kitale anajua ni mota: fundi Barasa alizima swichi, akasahau kungoja mota inyamaze, cherehani ikamla. Hadithi nzuri. Hata wewe ukiwafundisha watu kazi huwa unaisimulia, na mimi hukaa pale pembeni nikiuma uzi.

Kabla sijakuambia ilivyokuwa, nikukumbushe mimi ni mtu wa aina gani, usije ukadhani nilipitiwa na shetani siku moja. Mimi ni mtu wa mikono. Dereva mmoja alikuja akasema turubai yangu inavuja, nikamrushia mkasi, ukampita karibu na sikio ukadunga mlango. Mwenye duka jirani nilimvunja jino kwa sababu ya maji machafu aliyomwaga mbele yangu. Na wewe nimekuchapa. Ulikuwa darasa la nne, ukaniuliza kwa nini baba haji, nikachukua mkanda wa mota uliokuwa umekatika nikakupiga nao mpaka mama ya Simiyu akaingia akanishika kwa nyuma. Ulilala kwa tumbo siku mbili. Nilisema ulikuwa na kiburi. Ulikuwa na swali, Nekesa, na mimi nilikuwa na jibu. Pole mwanangu. Hiyo pole imechelewa, lakini ndiyo hiyo.

Baba yako hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kunung'unika, wa kupiga meza, wa kurusha bisibisi ukutani, lakini mkono wake haukuwa mwepesi kwa watu. Nilipoolewa sikujua kushona kitu kizito. Kitambaa kikikwama nilikuwa nakivuta kwa nguvu kutoka nyuma, kama mtu anayemtoa ng'ombe kwenye matope. Siku moja sindano ikapinda, ikagonga lile bamba la chuma, ikakatika, na kipande kikaruka kikanichana hapa juu ya jicho. Hilo kovu unalonitania nalo ndilo hilo. Alinishika kichwa, akanifuta damu na shati lake mwenyewe, akaniambia, "Chelehani haivutwi, mama. Inaurizwa." Nilicheka huku damu inanitiririka. Unajua vile anavyochanganya hizo herufi, r na l, na akikasirika ndiyo mbaya zaidi.

Sasa ile siku. Cherehani ni hii hii ninayoandikia juu yake. Wewe unaijua kuliko mimi: mguu wa ndani unashuka na sindano ukikanyaga kitambaa, wa nje unainuka, halafu inapokezana, na chini yake meno yanasukuma. Ndiyo maana inatembea juu ya turubai iliyokunjwa mara nne bila shida. Lakini hiyo miguu yote inategemea skrubu moja tu ya juu kichwani, ile inayoikandamiza. Ukiilegeza, miguu inakuwa mizembe, inagusa kitambaa bila kukishika. Baba yako alikuwa ameipima mwenyewe, akaweka alama ya rangi nyeupe, na akaniambia mara moja tu kwamba hiyo isiguswe na mtu.

Alienda matangani kwao Mabanga, akakaa siku mbili. Cherehani yangu ndogo ilikuwa imeharibika, na kina mama wa kanisa walikuwa wananisukuma na kanzu za kwaya. Kitambaa chepesi kile, kinateleza. Nikakileta kwenye hii kubwa, na meno yakakitafuna, yakaacha alama mstari mzima. Nikafanya nini? Nikailegeza skrubu ya juu. Mizunguko minne. Nikashona kanzu zote, zikatoka safi, nikawa najisifu kimoyomoyo kwamba hata mimi ni fundi. Halafu nikakunja kazi, nikapika, nikasahau kabisa.

Akarudi, asubuhi akakaa hapa na turubai ya mteja. Hatua tatu, kitambaa kikasimama. Sindano inapanda na kushuka mahali pamoja, uzi unajazana, mashimo yanaungana mpaka turubai inachanika kama karatasi. Akajaribu tena. Mshono ukawa mfupi mfupi upande mmoja, tabaka la juu likabaki nyuma, la chini likakimbia. Akabadilisha sindano. Akasafisha meno. Akageuza kipimo cha urefu wa mshono. Akalaza cherehani ubavu, akafungua tumbo lake, vyuma vikatapakaa kwenye gunia sakafuni. Kila mahali aliangalia. Kule juu hakuangalia hata mara moja.

Mimi nilikumbuka akiwa ameshafungua vyuma kama kumi hivi. Niliona ile alama nyeupe imepanda mbali na mahali pake. Ilikuwa ni kusema tu, "Baba Nekesa, skrubu niliilegeza mimi." Maneno manne, matano. Nikayaweka kwenye ulimi. Lakini alikuwa anatukana, anatukana cherehani, anamtukana aliyeitengeneza, anatukana matanga yaliyomtoa kwake, na kila tusi nililiona linakuja kwangu. Nikajiambia nitasema akipoa. Kadiri alivyozidi kufungua ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu, kwa maana sasa ningekuwa nimemtazama saa nzima akiteseka bure. Ndivyo uongo unavyokua, mwanangu, unaanza ukiwa umechelewa dakika mbili tu.

Akairudisha mashini yote. Ikawa vile vile. Hapo ndipo akaniita nikae kwenye kiti, yeye asimame mbele, nizungushe gurudumu polepole kwa mkono ili atazame meno yakipanda. Akazima swichi. Lile dude la chini ya meza unalijua, ukilizima halifi papo hapo, linaendelea kuzunguka likilia, na mtu akikanyaga pedali wakati huo sindano inashuka kama kawaida. Alikuwa amenikataza mara mia kuweka mkono kabla halijanyamaza. Siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amechoka, jasho liko machoni, akaingiza vidole.

Nikazungusha gurudumu haraka, kwa hasira zangu. Mguu wa cherehani ukambana kidole. Akautoa mkono, akanizaba kofi. Kofi kamili, la kunifanya nisikie kengele. "Hata kuzungusha hujui?" akasema, akaurudisha mkono wake chini ya sindano.

Sikupepesuka. Sikupiga kelele. Niliutazama ule mkono, Nekesa, niliutazama vizuri, nikajua ni mkono wa nani na uko wapi. Nikasikia mota bado inalia chini. Nikakanyaga.

Ilishuka mara tatu. Sindano ya turubai ni nene kama msumari. Ya kwanza ilipita kwenye kidole cha shahada, ya pili na ya tatu kwenye cha kati, ikagonga mfupa, ikakatikia humo ndani. Alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Na unajua kilichotembea safi siku ile? Miguu ilishika mkono, meno yakasukuma, na mkono ukasogea. Damu ilijaa kwenye bamba ikaingia kwenye mashimo ya meno, nikaja kuikwangua baadaye na mswaki, na maji ya moto, nikitapika.

Kofi ni kofi. Simsafishi baba yako, na mwanamume akikuzaba usije ukasema mama alinifundisha kuvumilia. Ondoka, piga kelele, mshtaki. Lakini alilostahili kwa kofi lile halikuwa lile nililompa.

Hospitalini muuguzi aliuliza imekuwaje. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, sijui hata ningesema nini. Baba yako akanitangulia. Amelala pale, uso umekuwa majivu, akasema, "Ni mota. Nirisahau kungoja." Akafumba macho. Nikashukuru Mungu, nikadhani hakujua. Nilidhani maumivu yalimfanya asijue ni mguu wa nani.

Ungedhani baada ya hapo ningekuwa mpole. Wapi. Mtu uliyemkosea unamchukia, kwa sababu kila ukimwona unajiona. Mkono ukaoza, ukapona, vidole vikabaki hivyo. Hakuweza kushika turubai pande mbili. Akawa anakaa pale mlangoni akinitazama nikishona, na mimi nikamwita mkono wa kuku. Mbele ya wateja, nilimwita mkono wa kuku. Siku skrubu niliyoirudisha kimyakimya ilifanya mashini itembee vizuri, aliniuliza nimefanyaje. Nikamwambia kwamba yeye hajui kazi, mimi ndiye fundi. Aliinamisha kichwa. Jumamosi iliyofuata tuligombana kwa ajili ya sufuria, nikabeba nguo zake nikazitupa barabarani, kwenye matope, watu wa mtaa wa Kipsongo wakipita wanaangalia. Akaziokota kwa mkono mmoja, moja moja. Wewe ulikuwa shuleni. Uliporudi nikakuambia ametuacha.

Hakutuacha. Nilimfukuza.

Na kuna begi. Ulipokuwa unaingia darasa la tano alikutumia begi la shule kupitia kwa dereva wa lori. Alilishona mwenyewe kwa turubai ya kijani, kwa sindano ya mkono, na sijui alilishona vipi kwa mkono ule, maana mshono ulikuwa umenyooka. Alikuwa ameandika jina lako kwa uzi mweupe. Nilichukua mkasi nikalikata mbele ya yule dereva vipande vipande, nikampa vipande nikamwambia amrudishie. Wewe ulienda shule na mfuko wa nailoni mwaka ule wote, ukawa unasema baba hakujali. Nilikuwa nakusikia ukisema hivyo, nikanyamaza.

Sasa nikuulize wewe. Mwezi jana cherehani hii ilikuwa inaruka mishono, ukamgonga Simiyu kwenye vidole na rula ya chuma, ukidhani anavuta kitambaa. Mkono wake ulivimba. Ulipotoka, alinijia akaniambia amebadilisha sindano akaweka ya namba ndogo, na alitaka kukuambia lakini aliogopa. Unaona? Swali la kwanza la fundi, kabla ya bisibisi, kabla ya kufungua tumbo, ni moja: nani amegusa, na amegusa nini. Mtu akishajua utampiga, hilo swali hatakujibu. Utafungua vyuma vyote na hutaona kitu. Mimi nilikuwa naogopa matusi tu, si hata kipigo, na angalia nilichofanya kwa kuogopa. Na kwa kiburi. Tusisingizie woga peke yake.

Baba yako anakuita kwa sababu amenunua cherehani ya miguu miwili na anahitaji mikono mizuri. Alipopiga simu wiki tatu zilizopita aliongea na mimi kwa dakika moja, kwa adabu, kama anaongea na mwalimu mkuu. Akasema nikuulize kama utataka, na usipotaka nisikulazimishe. Nilijua basi kwamba nikikuacha uende na hicho kisu, utamkata mtu aliyekwisha kukatwa. Na wewe utageuka mimi. Utafika miaka arobaini na tano unaandika barua kama hii kwa mtoto wako. Hilo linaniogopesha kuliko jela.

Waswahili husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Siombi pole. Nilichoomba ni ujasiri wa kumpigia simu, na leo saa saba, stima ikiwa imepotea na hakuna kelele za kujifichia, nilimpigia.

Sikusalimu. Nilisema, "Baba Nekesa, ile siku, haikuwa mota. Nilikanyaga mimi, nikijua."

Nilisikia mtu anagonga nyundo huko kwake, halafu akamwambia huyo mtu aache.

"Hiyo nirijua," akasema. "Nirikuwa nakuangaria uso."

Nekesa, nilikaa chini sakafuni. Miaka kumi na miwili. Alijua pale hospitalini, alijua nilipomwita mkono wa kuku, alijua akiokota nguo matopeni. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema ningefungwa, na wewe ulikuwa na miaka saba, nani angekulea. Akasema pia alinipiga kofi na halikumtoka rohoni. Aliongea polepole tu, hata hakupandisha sauti. Akaniambia hiyo ya mguu alishanisamehe zamani, nisijisumbue.

Ningeweza kuishia hapo. Mwizi ndani yangu alitaka niishie hapo, niseme asante, nikate simu. Lakini nilikuwa nimejiapiza. Nikamwambia kuna ingine. Nikamwambia habari za kanzu za kwaya, na mizunguko minne, na vile nilivyokumbuka akiwa ameshafungua tumbo, na vile nilivyokaa nikimtazama.

Hapo ndipo alipolia. Sikuwahi kumsikia akilia tangu siku ile ya sindano. Alilia muda mrefu, nikashikilia simu tu. Halafu akasema maneno ambayo nitakufa nayo. Akasema tangu siku ile aliamini kwamba macho yake ya ufundi yameisha. Kwamba kosa lilikuwa mbele yake na hakuliona, na mkono alistahili kuupoteza. Ndiyo maana hakugusa cherehani nzito kwa miaka, ndiyo maana alikubali kuondoka bila kunijibu. "Mahari pote niriangaria," akasema. "Hapo tu sikuangaria, kwa sababu niriku­wa nimekuambia usiguse."

Nikamwambia nisamehe. Akasema hiyo ya mguu alinisamehe, lakini hii, hii ya leo, hajui.

Nilimuuliza kama bado nikutume kesho. Akavuta kamasi, akasema, "Mtoto aje. Wewe, ngoja kwanza."

Basi mimi nimebaki nangoja, na sijui ni mpaka lini. Wewe nenda. Ukimkuta macho yamevimba, ujue ni mimi tena, wala usimuulize kitu. Msalimie kwa mkono wa kulia.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na kukudanganya,
Nanjala